Yasirudiwe ya Karanga: Mashine Isipewe Kazi ya Daktari wa Ngozi

Wazee wachache waliobaki Nachingwea wanazikumbuka trekta za karanga, na vijana wamesimuliwa habari zake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianza kuyageuza mapori ya Tanganyika kuwa mashamba ya karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine zilishushwa kutoka melini kwa mamia, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa trekta. Reli ilijengwa kutoka Mtwara mpaka Nachingwea. Wataalamu waliotumwa kuukagua mpango huo walizunguka Afrika Mashariki kwa majuma 9 tu, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama wakiwa angani, ndani ya ndege.

Matokeo yake yanajulikana. Kule Kongwa udongo ulipopigwa na jua uligeuka mgumu kama saruji, na majembe ya chuma yakasagika. Mvua haikufuata ratiba ya ofisi za London. Januari 1951 mpango ulifutwa, baada ya kuteketeza paundi milioni 36 na zaidi. Baadaye hata reli ya Nachingwea iling'olewa. Mkulima wa hapo, aliyeijua ardhi yake kwa mkono na kwa miguu, hakuna aliyemwuliza chochote.

Yafaa kisa hicho kikumbukwe sasa, kwa sababu mashine nyingine imo njiani. Safari hii haiji kulima ardhi, inakuja kusoma ngozi za watu. Inaitwa akili mnemba. Mashine hiyo huonyeshwa maelfu kwa maelfu ya picha, kila picha ikiwa na jina la ugonjwa wake, mpaka iweze kupokea picha ngeni na kukisia jina. Mwaka 2017 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza kwamba mashine yao, iliyofunzwa kwa picha 129,450, ilikuwa imelingana na madaktari bingwa wa ngozi 21 katika kutambua saratani za ngozi. Habari hiyo ilizunguka dunia. Tangu hapo umezuka wimbo unaosikika mpaka katika mabweni ya vyuo vya udaktari: kwamba udaktari wa ngozi hauna maisha marefu, kwa kuwa ni kazi ya macho, na macho ya mashine hayachoki.

Daktari kijana anausikia wimbo huo akiwa amesimama njia panda. Amesoma udaktari miaka 5, amemaliza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na kama amebahatika kupata ajira amepangiwa wilaya kama Ruangwa au Nachingwea. Kila asubuhi anakuta benchi limejaa. Yuko mtoto asiyelala usiku kwa upele, yuko mzee mwenye choa kilichoenea mgongoni, yuko mama ambaye mikono yake imechubuka na hajui kwa nini. Kijana huyo angependa akasomee magonjwa ya ngozi ili awafae watu hao. Lakini anaambiwa asipoteze ujana wake kusomea kazi ambayo karibuni itafanywa na simu ya mkononi.

Ushauri huo ni wa uongo. Tena ni uongo wenye madhara, kwa kuwa atakayelipa gharama yake si daktari huyo peke yake. Atakayelipa ni mkulima wa Chunyu.

WAIMBAJI WA WIMBO

Wanaoimba wimbo huu ni makundi mawili, na inafaa yatenganishwe.

Kundi la kwanza ni la waoga. Hao huamini kila tangazo linalotoka ng'ambo, na huiona mashine kama mafuriko ambayo mtu hana la kufanya ila kuhama. Wangefaa wajikumbushe mwaka 2016. Mwaka huo Geoffrey Hinton, mwanasayansi wa Toronto ambaye ni miongoni mwa mababa wa akili mnemba, alishauri hadharani kwamba mafunzo ya madaktari wa kusoma picha za eksirei yasimamishwe, kwani baada ya miaka michache mashine ingewashinda. Miaka aliyoitaja imepita. Hospitali za nchi tajiri, zenye mashine hizo kwa wingi, bado zinawatafuta madaktari wa eksirei na hazijatosheka. Ambaye angemsikiliza bwana huyo, leo angekuwa ameacha kazi inayomhitaji.

Kundi la pili ni la hatari zaidi, kwa sababu hujifanya linawahurumia wananchi. Hao husema hivi: mabingwa wa ngozi ni wachache, wengi wao wako katika miji mikubwa, kumfunza mmoja ni miaka mingi na fedha nyingi, basi kila zahanati ipewe simu yenye programu ya akili mnemba, na tatizo limekwisha. Hoja hiyo inavutia mtu anayepanga bajeti. Ukiichambua utaona inasema kwamba mgonjwa wa Dar es Salaam ataendelea kuonwa na bingwa, na mgonjwa wa Ruangwa ataonwa na simu. Huo ni ubaguzi uliovikwa vazi la maendeleo. Na mwenye kuukubali anaufungia mlango ule ule ambao ungemleta bingwa Ruangwa siku moja, kwa maana kijana ambaye angesomea kazi hiyo atakuwa amekwisha kukatishwa tamaa.

JICHO LILIFUNZWA WAPI?

Swali la kwanza la kuuliza kuhusu mashine yoyote ya kusoma ngozi ni hili: ilifunzwa kwa ngozi ya nani?

Uzito wa swali hilo unatokana na historia yenyewe ya elimu ya ngozi. Mwaka 1975 daktari Mmarekani, Thomas Fitzpatrick, alitunga kipimo cha kuzigawa ngozi kwa jinsi zinavyoungua na jua. Mwanzoni kilikuwa na madaraja 4, yote ya watu weupe. Watu wa rangi ya kahawia na weusi waliongezwa baadaye, daraja la 5 na la 6. Hivyo Afrika nzima na sehemu kubwa ya Asia zilibanwa katika mistari miwili ya mwisho. Vitabu vya kufundishia navyo vilijaa picha za ngozi nyeupe. Ilipofika mwaka 2020, mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisoma London, Malone Mukwende, alilazimika kushirikiana na walimu wake kutunga kijitabu cha kuonyesha dalili za maradhi zinavyokuwa katika ngozi nyeusi, kwani katika masomo yake hakuonyeshwa.

Dalili hizo hutofautiana sana. Kitabu husema pana wekundu, ilhali katika ngozi ya Mmwera au Mmakonde wekundu huo huonekana kama weusi uliozidi au zambarau, na wakati mwingine hauonekani kabisa mpaka ngozi iguswe na kusikika ina joto. Mashine iliyofundishwa kutafuta wekundu itatafuta kitu ambacho hakipo.

Haya si madai ya kisiasa. Yamepimwa. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililotumia picha 656 za wagonjwa wa rangi mbalimbali. Mashine ambazo zilikuwa zimesifiwa zilifanya vibaya kuliko zilivyotangazwa, na katika ngozi nyeusi zilifanya vibaya zaidi. Lakini jaribio hilo lilikuwa na fundisho la pili, ambalo waoga hawalitaji. Mashine hizo zilipofunzwa tena kwa picha za rangi zote, tofauti kati ya ngozi nyeupe na nyeusi ilizibika. Maana yake ni kwamba mashine hujua kile tu ilichofundishwa, na anayejua ugonjwa katika ngozi nyeusi ndiye anayeweza kuifundisha. Mtu huyo ni daktari wa ngozi wa Afrika. Akikosekana yeye, mashine itabaki mjinga milele.

Tena yafaa kuuliza mashine hizo zilifunzwa kutafuta nini. Ile ya Stanford ilipimwa kwa saratani ambazo ndizo hofu kubwa ya watu weupe. Kwa Mwafrika, saratani ya aina ya baka jeusi, ambayo Mzungu huiona mgongoni au mguuni, aghalabu hutokea katika wayo, mahali ambapo hakuna anayepatazama. Na Mtanzania mwenye ualbino hushambuliwa na saratani za jua akiwa bado kijana. Je, ndani ya picha zile 129,450 zilikuwamo ngapi za ngozi yake?

PICHA HAINA GANZI

Hata kama mashine ingefunzwa kwa ngozi nyeusi tupu, bado kuna mambo ambayo picha haiwezi kuyasema.

Mfano mkubwa ni ukoma. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la kuupunguza ukoma kitaifa mpaka chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Lakini hesabu ya taifa zima huficha mengi, na Lindi ni miongoni mwa mikoa ambayo ukoma haujatoweka. Ndiyo maana mkoa huo ulichaguliwa katika utafiti uliofanywa Tanzania, Ethiopia na Msumbiji, ambamo watu wanaoishi karibu na wagonjwa walichunguzwa ngozi na kupewa dozi moja ya dawa ya kinga.

Ukoma huanza kwa baka lililofifia rangi. Haliwashi wala haliumi, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwani mkulima mwenye palizi ya ufuta hatatembea mpaka zahanati kwa ajili ya baka lisiloumiza. Akienda, baka hilo linafanana na utando wa fangasi, linafanana na alama ya kuzaliwa, linafanana na kovu la mzio uliopona. Daktari aliyefunzwa hatoi jina kwa kutazama. Huchukua kipande cha pamba, akamwomba mgonjwa afumbe macho, akagusa ngozi nzima na ngozi yenye baka, akauliza: unasikia? Kisha hupapasa mshipa wa fahamu katika kiwiko, na mwingine nje ya goti, kuona kama umevimba. Humtaka mgonjwa akunje vidole na kuvinyoosha. Humwuliza nani mwingine nyumbani ana baka. Jibu la ugonjwa liko katika pamba, katika ncha za vidole vya daktari, na katika neno la mgonjwa. Picha haina ganzi, na simu haipapasi mshipa.

Dawa ya ukoma hutolewa bure, na matibabu huchukua miezi 6 au 12. Mgonjwa akigunduliwa mapema anapona akiwa na vidole vyake vyote. Akigunduliwa baada ya miaka, vijidudu watakufa, lakini ganzi itabaki, na mkono usiosikia moto wa jikoni utaendelea kuungua. Tofauti kati ya mikono hiyo miwili ni daktari mmoja, au tabibu mmoja, aliyekuwa na ujuzi na muda wa kushika pamba.

Ardhi ya kusini nayo ina maradhi yake. Hii ni nchi ya korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na mikono ya wanawake wanaobangua kwa mkono huivaa alama hiyo. Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, unga wa salfa hutanda mashambani, ukaingia machoni na shingoni. Daktari anayefanya kazi Nachingwea kwa miaka miwili huanza kuuliza pasipo kufikiri: mama, unabangua korosho? Baba, ulipulizia lini? Na huuliza swali jingine lisiloepukika siku hizi: kabla ya kuja hapa, ulipaka nini? Kwa maana mrahaba wa dukani wenye dawa kali huweza kuifuta sura ya choa mpaka kisitambulike, na mkorogo wa kujichubua huacha madoa yasiyofanana na chochote kilichoandikwa kitabuni. Mashine ikitazama ngozi hiyo itatoa jina kwa ujasiri mkubwa, na jina hilo litakuwa la uongo.

MKONO USIOTUMIKA

Lipo jambo jingine linalomhusu daktari anayeanza kazi kuliko mtu mwingine yeyote. Ujuzi wa udaktari hujengwa kwa kukosea mbele ya mwalimu na kusahihishwa. Kijana hutazama vipele mia, akakisia, akaambiwa hapana, akatazama tena. Akipewa mashine itakayomnong'oneza jibu kabla hajakisia, atapata majibu mengi na hatajifunza kitu.

Hofu hiyo nayo imepimwa. Mwaka 2025 ilichapishwa habari ya madaktari wa Poland wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera. Baada ya kuzoea kusaidiwa na akili mnemba, walipofanya kazi bila mashine walikuta vivimbe katika wagonjwa 22.4 kwa kila 100, ilhali kabla ya mashine walikuwa wakivikuta katika wagonjwa 28.4. Na hao walikuwa madaktari wazoefu, ambao jicho lao lilikwisha kukomaa. Je, itakuwaje kwa kijana ambaye jicho lake halijafunguka bado? Na itakuwaje Ruangwa siku umeme umekatika, mtandao umezimika, na mgonjwa ameketi mbele yake?

Mwaka 2024 ulitoka utafiti mwingine ambao unamaliza ubishi. Mabingwa wa ngozi 389 na madaktari wa kawaida 459, kutoka nchi 39, walionyeshwa picha za maradhi ya ngozi. Makundi yote mawili yalikosea zaidi katika ngozi nyeusi. Walipopewa msaada wa mashine, usahihi wao ulipanda kwa zaidi ya theluthi moja, na hilo ni jema. Lakini kwa madaktari wa kawaida, pengo kati ya mgonjwa mweupe na mgonjwa mweusi liliongezeka badala ya kupungua. Hata mashine ilipokuwa ya haki, daktari asiyeijua ngozi nyeusi aliitumia kwa faida zaidi ya mgonjwa mweupe.

Matokeo hayo yanaibomoa hoja ya kundi la pili kutoka katika msingi. Kundi hilo linasema simu ichukue nafasi ya ujuzi. Utafiti unaonyesha kwamba palipo na ujuzi mdogo ndipo simu inapoacha pengo kubwa zaidi. Kwa hiyo mwenye nia ya kupeleka akili mnemba Ruangwa hana budi kuanza kwa kupeleka ujuzi.

NJIA ILIKWISHA KUONYESHWA

Na njia ya kupeleka ujuzi haihitaji kubuniwa upya. Mwaka 1992 kilianzishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi. Waanzilishi wake waliona kwamba bara hili halitapata mabingwa wa kutosha kwa haraka. Hawakungoja chombo cha ajabu. Waliwachukua matabibu na wauguzi wenye uzoefu, wakawafunza magonjwa ya ngozi kwa miaka miwili, wakawarudisha mikoani na katika nchi zao. Kituo hicho kimewafunza watu kutoka nchi nyingi za Afrika, na hufunza pia madaktari wanaosomea ubingwa. Hapo hapo Moshi hutengenezwa mafuta ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua. Huo ndio mfano wa kujitegemea ambao wageni huja kuusoma.

Uzito wa mahitaji hauna shaka. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa jambo la kipaumbele kwa afya ya umma duniani, na msukumo wake ulitoka Afrika, ukiongozwa na Côte d'Ivoire. Dunia imekubali kwamba ngozi si jambo la urembo. Ingekuwa ajabu kubwa kama mwaka ule ule dunia ilipoamka, vijana wa Tanzania wangeambiwa walale.

Hakuna anayesema mashine ifukuzwe. Kutoka Ruangwa mpaka Moshi ni kuivuka nchi kutoka kusini hadi kaskazini, na chombo chochote kinachofupisha safari hiyo kinastahili kupokelewa. Shirika la Afya Duniani limetoa programu ya simu, isiyolipiwa, ya kumsaidia mfanyakazi wa afya kutambua maradhi ya ngozi yaliyosahauliwa, na programu hiyo imepimwa kwa wafanyakazi wa afya nchini Kenya. Picha iliyotumwa vizuri yaweza kumfikia bingwa siku hiyo hiyo. Trekta nayo si kitu kibaya. Wako wakulima wengi wa Nachingwea ambao wangeifurahia. Kosa la mwaka 1947 lilikuwa kumleta trekta na kumwacha nje mwenye kuijua ardhi.

MALI YA NANI?

Limebaki suala la mali. Mashine hizi hushiba picha, na picha adimu kuliko zote duniani ni zile za maradhi katika ngozi nyeusi. Maana yake ni kwamba zahanati ya Chunyu, bila kujua, imekalia mali. Kila baka, kila kidonda, kila mkono ulioungua kwa korosho, ukipigwa picha na kuandikwa jina sahihi, ni chakula cha mashine ambayo kesho itauzwa. Itauzwa kwa nani? Kwa zahanati ile ile. Pamba ilitoka hapa ikarudi nguo. Korosho imetoka hapa na ganda lake kwa miaka mingi ikabanguliwa ng'ambo. Haifai ngozi za wananchi zipite njia hiyo hiyo.

Zipo dalili kwamba yawezekana kufanya vingine. Mwaka 2024 ulitolewa hadharani mkusanyiko wa picha zaidi ya 4,000 za maradhi ya ngozi kutoka nchi za Kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwa mojawapo, zikilenga yale maradhi ya watoto yanayojaza mabenchi: ukurutu, upele, fangasi na impetigo. Kazi ya kuzipa picha hizo majina haikufanywa na mashine. Ilihitaji watu wanaoujua ugonjwa. Na nchi inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka mwenye kukusanya habari za mtu azilinde, na habari za afya zikiwa miongoni mwa zile zinazohitaji uangalifu wa pekee. Sheria hiyo isiachwe kabatini. Daktari kijana aliyezoea kutuma picha za wagonjwa ovyo ovyo katika makundi ya simu ajue kwamba anatoa kitu kisicho chake.

Basi yanayodaiwa ni machache, na yote yamo ndani ya uwezo wa nchi. Kwanza, nafasi za kusomea magonjwa ya ngozi ziongezwe, kwa madaktari na kwa matabibu, na anayetoka wilaya za pembezoni kama Ruangwa na Nachingwea afikiriwe mbele, akiwa na uhakika kwamba akihitimu kipo cheo na mshahara unaomngoja. Kijana hakimbii fani ya ngozi kwa kuiogopa mashine peke yake. Hukimbia pia akiona waliohitimu wanazunguka na vyeti mkononi. Pili, katika mafunzo, mkono utangulie simu: mwanafunzi akisie kwanza, aguse, aulize, aandike jibu lake, ndipo afungue programu na kulinganisha. Tatu, mashine yoyote isiruhusiwe kutumika katika zahanati za umma mpaka ipimwe hapa, kwa ngozi za watu wa hapa, na madaktari wa hapa. Na picha za wananchi zisivuke mpaka bila idhini yao na bila mkataba unaoinufaisha nchi.

Daktari kijana wa Ruangwa hana sababu ya kuiogopa mashine. Mashine ndiyo yenye haja naye, kwa kuwa yeye anakijua ambacho yenyewe haijakiona. Akienda Moshi kusoma, akarudi, akakaa katika kituo cha afya akipokea wagonjwa, akawafunza matabibu wa zahanati kushika pamba, atakuwa mwalimu wa watu na mwalimu wa mashine kwa pamoja. Asipokwenda, mashine itakuja peke yake, imefunzwa kwingine, na itaitazama ngozi ya mkulima wa Chunyu kama wale mabwana wa majuma 9 walivyoitazama ardhi ya Nachingwea kutoka ndani ya ndege.

Karanga ziliharibika na ardhi ikabaki, nayo imelimwa tena na wenyewe. Mkono ulioliwa na ukoma hauoti tena. Kwa hiyo uamuzi wa kumfunza daktari huyo usingoje.